Madabodi mbili na ubao mmoja wa mringaringa

Jumatatu, mwezi wa saba. Baridi.

Shajara yangu, leo ni siku ya nne Mlima haujaonekana. Ukungu umekaa juu ya mji tangu asubuhi, haunyeshi wala hauondoki, na hapa kwenye mkahawa wa intaneti watu wamevaa makoti kama wanaotaka kwenda kileleni. Nimepata kompyuta ya dirishani. Robo saa imeshapita nikiangalia nje, pale ambapo Mlima ungekuwepo.

Ndivyo nilivyo. Mke wangu, Mama Happy, anasema akinituma chumvi dukani lazima ahesabu na muda wa mimi kuota njiani.

Magotini nina mfuko. Ndani yake kuna madabodi mbili, kila moja imefungwa kwenye gazeti halafu kipande cha kanga. Madabodi, kwa asiyejua, ni ule ubao mpana wa ndani ya kompyuta ambao vitu vyote vinachomekwa humo. Nikiutazama kwa karibu naona mji: barabara nyembamba zinapinda pamoja, viwanja vimepimwa, matangi ya maji yamesimama juu ya paa. Wiki mbili hizi nimeshinda nikitembea katika mji huo bila kutoka chumbani.

Moja narudisha leo. Mwenyewe ni Elia, fundi kompyuta, Mmachame mwenye maneno mengi na roho nzuri. Aliniazima zote mbili nijaribu, nichague. Nimeshachagua, ila nilivyofika kwenye kuchagua ndiyo habari yenyewe, na nataka kuiandika kabla haijapoa. Kule juu Kibosho, kwetu, hakuna anayesoma blogu hii. Wanaosoma hapa, kwa ninavyoona, ni watu watatu, na mmoja wao nadhani ni mimi mwenyewe.

Mashine yangu ya kuchonga iko chumba cha nyuma, nyumbani, mtaa wa Soweto hapa mjini. Ni meza ya chuma yenye reli, mota tatu nilizong'oa kwenye mashine kubwa za fotokopi zilizokufa, na juu yake kisu kinachozunguka kwa kasi. Unachora jani kwenye kompyuta, kompyuta inaziamuru mota: hatua kumi kushoto, hatua mbili chini. Mota zinatii, kisu kinachimba mbao. Wenyewe huko Ulaya wanaiita CNC. Mama Happy anaiita mke mwenza.

Siku ilipochonga duara lake la kwanza kwenye kipande cha mgrivea, mbao rahisi ya kujaribia, nilikaa sakafuni kwenye vumbi nikacheka peke yangu. Duara lilikuwa zuri mno. Nilipitisha kidole juu yake nikapitisha tena.

Sasa, kwa nini mtu aliyechonga milango ya nyumba nyingi za Kibosho kwa patasi na nyundo ahangaike na kompyuta?

Mikono yangu inatetemeka.

Haya, nimeandika. Ilianza mwaka juzi, taratibu. Nilikuwa nachonga ua kwenye kitanda cha maharusi, patasi ikateleza. Nikasema ni baridi. Wiki ya pili yake nikasema ni kahawa. Nikaacha kahawa, mimi mtoto wa wakulima wa kahawa, na mkono ukaendelea na mambo yake. Daktari akaniambia si ule ugonjwa mbaya niliokuwa nauwaza, haitaniua, lakini haitapona. Vidonge vinapunguza kidogo. Anayenifunga vifungo vya shati siku za Jumapili ni Mama Happy, na hajawahi kumwambia mtu.

Wengine wote niliwaficha. Na huku kwetu ukitaka kuficha mikono, adui yako mkubwa ni kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kata si kikombe. Kikombe unaweza kukikumbatia kifuani na mikono miwili, mtu asijue. Kata ni kibuyu chenye mkono mrefu, kinajazwa mpaka mdomoni, na ukishakipokea wote wanakutazama, maana zamu yao inafuata. Na huku hakuna jambo linalokwenda bila mbege. Posa, mbege. Msiba, mbege. Umepewa kazi ya kuchonga mlango, mbege kwanza.

Basi nikaanza kukataa. Mara ya kwanza nilisema nina dawa za tumbo. Mara ya pili, dawa za jino. Mara ya tatu hawakuuliza tena. Mwanaume wa Kibosho anayekataa mbege ama anaumwa ama ameokoka, na mimi nilikuwa nimenona.

Habari zikatembea. Nikaanza kusalimiwa sokoni, "Bwana asifiwe, mpendwa!" halafu wanacheka wakiwa wamenipa mgongo. Mlokole mmoja wa kweli kabisa alinishika mkono akaniuliza nasali wapi siku hizi, akanikaribisha kwao. Katekista alikuja nyumbani, akanywa chai, akaongelea mvua, huku jicho lake likitafuta ukutani kama picha ya Bikira Maria bado ipo. Ipo. Hakuridhika.

Ningekana. Lakini ukikana wanakuletea kata.

Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa radhi kuumbuliwa na kifo, mradi isiwe mbele ya wale wazee.

Mambo yangeweza kwenda hivyo hivyo mpaka uzeeni kama si mimbari. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa kule Kibosho, na ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Katika kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kulikuwa na mringaringa uliokuwa ukivulia kahawa kivuli tangu kabla yeye hajazaliwa. Uliegemea nyumba, ukakatwa. Watu wa mbao walikuja mbio, akawafukuza. Akasema mti ule utakuwa mimbari ya kanisani, na atakayeuchonga ni mtoto wa kaka yake, basi. Ukapasuliwa. Ukatoka ubao mmoja mpana wa uso wa mbele, mmoja tu, usio na ufa wala fundo, na vipande vya miguu. Amezikausha mbao hizo darini miaka miwili.

Miaka miwili ile ile. Yeye akigeuza mbao, mimi nikificha mikono.

Uso wa mbele nimeuchora mwenyewe. Ni majani ya mgomba yaliyochanika kwa upepo, na tawi la kahawa lenye matunda, na juu kabisa maneno Neno la Bwana. Kuchora kwenye kompyuta naweza, maana nikikosea nafuta. Na hapa nikiri la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilipanga kumdanganya. Mashine ingechonga, mimi ningepitisha msasa na patasi juu juu, halafu niseme ni mkono wangu.

Ndipo ubishi wa madabodi ulipoanzia.

Ya kwanza ni nyeusi, mpya, inang'aa, ina mbio ajabu. Haina lile tundu refu la printa za zamani ambalo mashine yangu inalitegemea, lakini Elia aliichomekea kadi yenye tundu hilo. Ya pili ni ya kijani, imepauka, imetoka kwenye kompyuta iliyotupwa na shule moja ya misheni. Tulipoifungua tulikuta buibui na familia yake. Tundu la printa inalo la kuzaliwa nalo.

"Mzee wangu, chukua nyeusi," Elia aliniambia. "Hiyo ya kijani ni bibi. Itakufia mikononi."

Nikaenda nazo nyumbani kuzijaribu. Kuna programu inayopima kama kompyuta inapeleka amri kwa wakati. Wakati inapima, wewe kazi yako ni kuisumbua: unafungua picha, unapiga muziki wa kwaya, unazungusha mausi kama umechanganyikiwa. Mashine ya kuchonga haijali sana mbio za kompyuta. Inachotaka ni amri isichelewe, kwa sababu mota ikikosa hatua moja haijui kama imekosa. Inaendelea tu kutoka pale ilipo, na kila kinachofuata kinakwenda upande.

Nyeusi ilikimbia vizuri mpaka nikaipenda. Halafu, kila baada ya muda, ikawa inapotea. Kufumba na kufumbua tu. Elia anasema inaacha kila kitu ijipime joto. Alizima vyote alivyoweza kuzima, bado ikawa inapotea. Nilichonga jani moja la mgomba mara sita kwenye mbao za mgrivea. Mara nne lilitoka safi, kila moja kwa mchana mmoja tu. Mara mbili mshipa wa katikati uliruka pembeni, upana wa punje ya mchele. Ni kidogo hicho, lakini ukishakiona huoni tena jani, unaona kosa.

Ya kijani niliifanyia kila fujo. Nikaipigia kwaya, nikafungua picha za harusi za ukoo mzima. Wapi! Haikustuka. Ila ni ya polepole, jamani. Ukiharakisha mota kidogo tu, inashindwa kuzifuata. Jani lile lile lilichukua siku mbili na nusu. Uso mzima wa mimbari ungekula wiki tatu.

Mtu mwenye akili angeshamaliza hapo. Ubao ni mmoja. Mti haupo tena. Chukua ya kijani, kaa chini, subiri.

Mimi nikachagua nyeusi.

Siku tatu nilitembea na uamuzi huo moyoni, na nikajipa sababu nzuri nzuri. Sababu ya kweli ilikuwa moja. Baba Mdogo ana kawaida ya kushuka mjini kuona kazi inavyoendelea. Anakaa kwenye kigoda, anaangalia patasi. Wiki tatu mashine inanguruma, lazima angenikuta. Kwa nyeusi ningemaliza ndani ya siku nne, yeye akiwa bado anachuma kahawa. Nilikuwa tayari kucheza kamari na mti wa watu ili mikono yangu isionekane. Naona haya hata kuyaandika.

Jana Jumapili nilipanda Kibosho kuchukua mbao.

Baada ya misa ya pili tulikaa uani kwa Baba Mdogo, wazee kama saba hivi, wamejifunika mablanketi kwa baridi ile. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mbege ilikuwepo, bila shaka. Ule ubao mpana walikuwa wameuegemeza ukutani kama mgeni aliyekosa kiti.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo," akasema, salamu yetu ya Kikatoliki, na macho yake yote kwenye mdomo wangu.

"Milele, amina."

Mzee mmoja akashusha pumzi. Baba Mdogo hakushusha. Akajaza kata mwenyewe, akaishika, ila hakunipa.

Akasema hawakukusanyika kunigombeza. Akasema wamesikia, wamenyamaza, wamengoja niseme mwenyewe. "Kama umehama kanisa, mwanangu, sema tu. Mimbari tutampa mwingine. Wewe utabaki mtoto wetu."

Hiyo sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Maana mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Niseme ndiyo, nimeokoka. Nirudi Soweto mikono mitupu, na siri yangu nzima. Hakuna ambaye angeniletea kata tena maisha yangu yote. Nikapotea kidogo pale. Nikawa nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye migomba, moja, moja, na nikawa najiona kwa mbali nikishuka barabara ile mbovu bila mzigo wowote, na fundi mwingine akiuchonga mti wa Baba Mdogo.

Wivu ulinishika. Wivu wa kweli. Nikanyoosha mikono nikapokea kata.

Ilianza kumwagika kabla sijaiinua. Ikamwagika kwenye suruali, kwenye shati la Jumapili, kwenye viatu. Kadiri nilivyoikaza ndivyo ilivyozidi. Sikuweza kuiweka chini wala kuinywa, nikabaki nayo hivyo, mbege ikinitiririka mpaka kwenye viwiko.

Nikawaambia. Nikasema ni mikono, ni miaka miwili sasa, na wala sijahamia popote.

Nilitegemea huruma, na huruma ndiyo niliyokuwa naiogopa. Baba Mdogo alikasirika.

"Miaka miwili!" akafoka. "Kila jioni nasali rozari urudi kanisani, kumbe unaumwa mikono? Nimemsumbua Mama wa Mungu kwa shida ambayo haipo!"

Mzee wa pembeni akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, sikujali nani anaona. Baba Mdogo hakucheka. Alijaza kata upya, akaushika ule mkono mrefu wa kata, akaniambia nishike kibuyu kwa chini. Tukainua pamoja. Nikanywa mpaka nusu. Sikuwa nimeonja mbege miaka miwili, na ile ilikuwa tamu mno, bado kidogo ichachuke.

Halafu nikawaambia la mashine, na hapo ilikuwa ngumu zaidi.

Baba Mdogo alisikiliza akiwa amekunja uso. Akauliza mashine inaujulia wapi mgomba. Nikamwambia majani nimeyachora mimi, kwa kuangalia migomba yake hiyo hiyo, mashine inapita tu pale nilipochora. Akauliza itachukua muda gani. Nikamweleza habari za madabodi zangu mbili, ya siku nne na ya wiki tatu, na ile ya siku nne inavyopotea kidogo njiani.

"Na wewe umechagua ipi?"

"Ya siku nne."

"Kwa nini?"

"Ili usije ukanikuta."

Akageuka kuutazama ule ubao. Wazee wakapeana kata. Mwishoni akasema mti ule umekaa darini miaka miwili na haujalalamika, wiki tatu si kitu. Akasema atashuka Alhamisi, na kigoda chake kiwe tayari. Habari ya madabodi ikaishia hapo. Wiki mbili nimejaribu, nimepima, nimepiga kwaya, na aliyeamua ni mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Nilidhani tumemaliza. Nikainuka kubeba mbao. Akaniita.

Akaenda pale kwenye ubao, akaweka kiganja chake juu kabisa, mahali maneno yatakapokaa. Akasema majani na kahawa ni sawa, mashine ichonge. Maneno, hapana. Maneno nitachonga mimi, kwa patasi.

"Baba Mdogo, mkono wangu unatetemeka. Si umeona?"

"Nimeona. Basi yatatetemeka."

Neno hilo nimelibeba tangu jana. Njiani kurudi, mbao zikigonga nyuma ya pikapu ya jirani, nilikuwa nalirudia. Leo nimekuja hapa nikiwa bado nalirudia. Ubao uko nyumbani, Mama Happy ameufunika blanketi letu zito, na sisi tumelala na baridi.

Ukungu umepanda kidogo, naona mabati ya nyumba za ng'ambo sasa. Nikitoka hapa naenda kwa Elia. Nitamrudishia nyeusi, na nitamwomba abadilishe vimtungi viwili vya kutunzia umeme vilivyovimba kwenye ya kijani. Atanicheka, atasema nimeoa bibi. Na aseme.

Neno la Bwana. Nimehesabu: herufi kumi na moja. Kwa ubao ambao hauna wa pili, na mkono ambao siuamini. Naogopa, shajara yangu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kata. Lakini patasi zangu zimekaa kwenye sanduku tangu mwaka juzi, na leo asubuhi nimezitoa, nimezinoa moja moja, na Mama Happy amesimama mlangoni ananiangalia.

Kesho, kabla sijawasha mashine, nitachukua kipande cha mgrivea nichonge N.

Itatetemeka. Nitachonga ya pili.